Kula Mbele za Watu

Binti yangu Laure hunipigia simu kila Jumapili nikishatoka ibada. Mimi humuuliza jambo lile lile kabla salamu hazijaisha: umekula? Naye hunijibu haraka, kama mtu anayesukuma mlango upepo usiingie ndani: nimekula, mama.

Hiyo haraka ndiyo iliyonitia wasiwasi. Mtu aliyekula hujibu polepole, anakumbuka alichokula. Hukwambia maharage yalikuwa na chumvi nyingi, au ugali uliungua chini. Laure hakuwahi kulalamikia chakula hata mara moja tangu afike Ujerumani, na mimi nilimzaa, namjua. Huyu mtoto hapa kwetu Buterere alikuwa analalamikia hata mboga ya lengalenga.

Yuko Rostock, mji wa kule kaskazini, kando ya bahari. Anajifunza kazi ya kutunza wazee katika nyumba ya wazee. Anasoma huku anafanya kazi, na amepanga chumba ghorofani kwa bibi mmoja mjane kama mimi. Tukiongea huishika simu karibu sana na uso, naona macho na paji tu. Jumapili moja kitu kilimponyoka mkononi, akainama kukiokota, simu ikashuka, nikamwona shingo. Mifupa ilikuwa imetoka nje. Ile ngozi ya mtoto niliyemlea kwa uji na samaki wadogo wa ndagala ilikuwa imelala juu ya mifupa kama nguo juu ya kamba.

"Laure, mbona umekonda hivyo?"

"Ni baridi, mama. Baridi ya huku inakausha mutu."

"Mi najua jua ndilo linakausha. Baridi inakaushaje mutu? We ni samaki?"

Akacheka, akasema lazima aende, kazi inamngoja. Nilibaki na simu mkononi mpaka kioo kikazima.

Lazima niseme jinsi tulivyo sisi, maana bila hilo mambo yangu hayataeleweka. Kwetu kula si jambo la macho ya watu. Mtu anayejiheshimu hula ndani, mlango umefungwa. Ukienda kwa jirani ukakuta chungu mekoni, ukakaribishwa, unasema nimekula, hata kama tumbo linapiga ngoma. Mwenye nyumba naye anajua. Atasema apana, kaa. Utakataa tena. Atakushika mkono, atakuwekea sahani magotini, ndipo utakula kidogo, na kidogo utakibakiza. Hivyo mgeni hadhaniwi mlafi na mwenyeji hadhaniwi mchoyo. Nilimfundisha Laure hayo kabla hajajua kusoma. Siku anaondoka, pale uwanja wa ndege, nilimwambia: usiwaonyeshe watu njaa yako, na usile njiani.

Wiki ya kwanza alinipigia akicheka. "Mama, huku watu wanakula wakitembea! Nimeona bwana mukubwa na kravati shingoni, ameshika soseji mbele ya kituo cha treni, mafuta yanashuka mpaka kwenye kidevu!" Tulicheka wote. Nikamwambia ashukuru Mungu, yeye alilelewa.

Halafu ukaja ujumbe wa sauti wa Elvire. Elvire ni mtoto wa kanisani kwetu, anasomea kazi hiyo hiyo huko Ujerumani, ila katika mji mwingine. Alianza kwa kupumua.

"Tantine, shangazi yangu, Laure amenikataza kukwambia. Lakini mi siwezi kunyamaza. Alianguka kazini. Alikuwa anasukuma kigari cha bibi mmoja, akaanguka chini. Bibi hakuumia, Mungu mukubwa. Sasa mukubwa wao amesema akianguka tena, atampeleka kwa daktari, daktari aseme kama mwili wake unaiweza hiyo kazi. Akisema hauwezi, masomo yamekwisha, na ruhusa ya kukaa huko imekwisha. Anasema anakula. Mi sielewi, tantine."

Niliusikiliza nimesimama, nikausikiliza tena nimekaa. Kisha sikuweza kukaa wala kusimama. Nilifagia uwanja niliokwisha kuufagia. Niliinjika maharage, nikayaepua kabla hayajachemka, nikayainjika tena. Mbele ya nyumba yetu ni mashamba ya mpunga, na maji yalikuwa yamejaa. Nilikuwa nayatazama nikiona sakafu ya nyumba ya wazee, na mwanangu amelala juu yake.

Niliwaza mengi mabaya. Niliwaza amelogwa. Niliwaza ana mimba. Niliwaza yule bibi wa nyumba ni mchoyo, anafunga jiko kwa kufuli. Nikapeleka jambo katika kikundi cha maombi, wakasema tufunge. Nilifunga. Lakini adhuhuri, nikiwa nimepiga magoti, nikajiuliza: mama ana njaa hapa, binti ana njaa kule, hii inamsaidia nani? Mungu anisamehe, nilinyanyuka kabla ya amina.

Nikamkumbuka Papa Cirimwami. Ni mtu wa Bukavu, anaimba sauti nzito katika kwaya yetu, naye ni mpishi wa mama mmoja Mjerumani huko Kinindo, mtaa wa wenye pesa. Nilisema moyoni, nitaenda nione kwa macho yangu hawa watu wanakulaje. Niliondoka asubuhi bila kuweka kitu mdomoni, maana kila nikishika kijiko namuona yeye. Nilipofika kule kwenye nyumba kubwa na miti iliyokatwa vizuri, nilibisha mlango wa nyuma.

Papa Cirimwami alinipitisha jikoni. "Mama Laure! Umefiwa?"

"Bado," nikamwambia.

Nilikuwa sijamaliza kumweleza, mwenye nyumba akaingia. Ni mwanamke mrefu, nywele nyeupe kama pamba, wanamwita Madame Heike. Anasema Kiswahili kilichonyooka cha Tanzania, alikaa Kigoma miaka mingi. Alinisalimia kwa mikono miwili, akaketi nami meza ile ile ya jikoni, akaleta keki ya ndizi, bado inatoa moshi.

"Utakula keki, mama?"

"Asante sana, nimekula," nikasema, nikashusha macho vizuri.

"Haya," akasema.

Akajikatia kipande, akaanza kula.

Nilingoja. Niligeuza uso nikatazama kalenda ukutani, nimpe nafasi ya kuuliza tena bila haya. Hakuuliza. Aliniuliza habari za mvua Buterere, kama maji yameingia nyumbani. Nikajibu. Harufu ya ile keki ilinipanda puani mpaka machozi. Tumbo langu likalia, likalia kwa sauti, Papa Cirimwami akakohoa ili kulifunika. Madame Heike akala kipande cha pili, akajifuta vidole, akafunika keki kwa kitambaa, akainuka, akaitia ndani ya firiji.

Niliposikia mlango wa firiji ukijifunga, ndipo nilipomwona mwanangu.

Nilimwona mbele ya sufuria ya yule bibi wa Rostock, amesema nimekula, anangoja, na sufuria inafunikwa. Nilimwona mezani na wenzake wa kazi, wanamuuliza, anakataa mara moja kwa adabu, wao wanaendelea kutafuna. Kila siku. Hakuna mchawi. Hakuna kufuli.

"Uuu," nikasema, nikajishika kichwa.

Papa Cirimwami akashindwa kujizuia. "Madame, huyu mama hajakula kitu tangu jana."

"Lakini amesema amekula!"

"Ndiyo, amesema. Mutu aliyekula kweli hasemi hivyo na macho chini."

"Kwa nini hukunikumbusha, Cirimwami?"

"Mi mwenyewe nilipoanza hapa nilikonda mpaka mke wangu akadhani nina mwanamke mwingine!"

Madame Heike hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. "Mama, nisikilize. Mimi nikikuuliza mara ya pili, si nimekuita mwongo? Kwetu mtu mzima akisema hapana, unaiheshimu hapana yake."

"Basi mutoto wangu wanamuheshimu mpaka atakufa," nikasema.

Ndipo nikamweleza yote. Aliposikia Rostock akapiga meza kwa kiganja, kumbe alisoma huko alipokuwa msichana. Akairudisha keki mezani. Akaisogeza mbele yangu.

"Utakula, mama?"

Neno lilikataa kutoka. Nina miaka mingi, nimezaa, nimezika mume, na neno ndiyo lilikuwa limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Sukuma, mama, sukuma," akasema Papa Cirimwami. "Hata kuzaa kulikuwa kugumu."

"Ndiyo," nikasema. Uso wote uliwaka moto. Lakini keki ilikuwa tamu, siwezi kudanganya.

Nilipokuwa nakula Madame Heike alinieleza. Alisema Laure asiende kwenye zile hoteli za uwanja mkubwa, hizo ni za wageni. Aende Warnemünde, ufukweni mwa mji ule ule, pale mtaro wa maji unapoingia baharini, mitumbwi mikubwa ya wavuvi imefungwa kando, na juu yake wanauza mkate uliopasuliwa, ndani samaki wa siki na kitunguu. Watu wa mji wanamla wamesimama pale pale, mkia unaning'inia nje ya mkate, na hakuna anayemtazama mwenzake mdomo. Alisema kuna mabucha ambayo adhuhuri yanapika chungu kimoja, na meza ndefu za juu zisizo na viti. Unasimama karibu na fundi bomba, na karani, na mwalimu, usiowajua. Saa hizo hata wakipishana njiani wanasalimiana kwa neno la chakula, hawasemi habari. Kuna na supu nyekundu, chachu, ina vipande vya soseji na limau, kila kijiduka cha upande ule kina yake.

"Na huyo bibi mwenye nyumba?" nikauliza.

"Anangoja aombwe. Amwambie waziwazi: nahitaji jiko lako, nahitaji sehemu kwenye firiji. Pengine huyo bibi analia peke yake, anadhani msichana anadharau chakula chake."

Hilo sikulitegemea. Mjane wa kule na chungu chake. Nilimwombea papo hapo.

Sikungoja Jumapili. Nilimpigia Laure nikiwa bado nje ya lango la Kinindo, nimesimama chini ya ukuta.

"Mama, nani amekwambia nimeanguka? Ni Elvire, eh? Elvire ana mudomo!"

"Muache Elvire. Sikiliza." Nikamwambia yote: kusema ndiyo mara ya kwanza, mabucha, mkate wa samaki. 

"Apana, mama. Siwezi. Nisimame pale peke yangu, mi mweusi peke yangu, watu wote wananiangalia navyotafuna?"

"Hawakuangalii."

"We unajuaje?" Sauti yake ilipanda. "Mi najaribu! Naingia kazini, wanatandaza vyakula vyao, nasikia kama wewe umesimama nyuma yangu. Nakwenda bustanini. Nakula mkate mukavu chumbani, nimefunga mulango. We mwenyewe, mama, hujawahi kula hata hindi la kuchoma njiani, maisha yako yote! Siku nikikuona we unakula barabarani, na mi nitakula. Haya, narudi kazini."

Alilisema kunifunga mdomo. Lakini lilinifuata mpaka nyumbani, likalala nami, likaamka nami. Bwana wetu alipowatuma wanafunzi wake katika miji ya watu aliwaambia wale wanachowekewa. Hakuwaambia wakatae kwanza. Nimelisikia neno hilo kanisani mara nyingi, nikidhani linahusu mahubiri.

Kesho yake adhuhuri nilikwenda bandarini.

Mume wangu Xavier alikuwa mpagazi pale, alibeba magunia ya meli za Kigoma mpaka mgongo ukakataa. Hata yeye, chakula chake alikuwa anakila nyuma ya magunia, amelipa lango mgongo. Siku hizi wapagazi hawajali. Nje ya lango wamama wanakaanga samaki wa ziwani, mukeke na ndagala, na wanaume wanakula wamesimama, jasho linawatoka. Niliwakuta. Fortunat, rafiki wa marehemu, ndiye aliyeniona kwanza.

"Shemeji! Karibu! Unatafuta mutu?"

"Nakutafuta wewe. Shika hii telefone. Unajua kuchukua video?"

Nikamwendea Spéciose, mama mkaangaji, nikachagua mukeke mmoja mzima.

"Nikufungie, Mama Laure, uende nayo?"

"Apana. Nakula hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa nimesimama."

Kijiko chake kilisimama juu ya mafuta. Wanaume wakageuka. Halafu mmoja akapaza sauti, "Jamani, tubuni! Yesu anarudi leo!" Wote wakaangua kicheko.

"Muache mama, njaa haina dini."

"Mama wa maombi ameingia chama chetu! Mupeni pilipili!"

Nililipa, nikapokea. Nilikuwa nimevaa kitambaa cha kichwa cha kikundi chetu, kile cheupe cha ibada, sikufikiria kukivua. Nikamega mukeke, nikautia mdomoni, nikatafuna mbele ya barabara nzima, malori yanapita, vumbi linatua. Ulikuwa mtamu. Mafuta yalishuka kidevuni, nikayaacha yashuke, nikatazama simu.

"Laure," nikasema, mdomo umejaa, "tazama. Mama yako. Barabarani."

Ndipo nikamwona Lisette wa kikundi cha maombi, na kapu lake kichwani, amesimama kama ameona nyoka.

"Mama Laure? Ni wewe?"

"Ni mi. Karibu samaki, Lisette."

"Asante, nimekula," akasema, akitazama samaki.

Alikuwa hajala. Nilimjua kwa macho yake. Lakini nilimwuliza mara moja tu, nikaendelea kutafuna. Alizunguka akaenda zake, na kabla jua halijazama kikundi kizima kilikuwa na habari. Kiongozi wetu alinitumia neno kwamba tuonane. Nilijibu nitakuja, na kwamba nitamweleza, na kama ataniweka kando na awe ameniweka.

Video ilikwenda kwa Laure. Ilionyesha kwamba ameiona. Hakujibu. Siku zile mpaka Jumapili, waulize majirani: nilifua mashuka masafi. Simu ililala kifuani. Kila ilipolia nilidhani ni Elvire, anasema Laure ameanguka tena.

Jumapili nilitoka ibada kabla ya wengine. Nilikuwa bado njiani simu ikaita.

Kwanza nilisikia upepo. Upepo mkali, na maji, na ndege wanaolia kama watoto. Halafu nikaona mitumbwi mikubwa ya rangi, imepangwa kando ya maji, na watu wengi wamesimama. Halafu Laure, na kofia ya sufu. Safari hii aliishika simu mbali, kwa mkono wote. Nikaona uso wote na shingo.

"Mama, niko hapo. Pale alipokwambia yule mama yako wa Kinindo, niko hapo." Aliinua mkate. Kweli mkia ulikuwa unaning'inia. "Nimeinunua muda mrefu. Inapoa."

"Samaki wa siki anapoaje?"

"Usinichekeshe, mama. Naona haya."

"Kuna mutu anakutazama?"

Aligeuka kulia, akageuka kushoto. Nyuma yake nilimwona mwanamume mnene anamega wake, macho yake kwenye maji. "Hakuna," akasema, kama aliyeibiwa kitu.

Akainamisha uso, kama mwali kwa mama mkwe, akauma kidogo. Akatafuna. Akauma tena. Mimi nimesimama kando ya mpunga, watu wa ibada wananipita, wengine hawanisalimii, sikuwajali.

Ghafla kitu cheupe kikapita mbele ya kioo. Laure akapiga kelele, "Mama weee!" Simu ikayumba, nikaona anga, nikaona viatu. Aliporudi alikuwa na mkate mtupu mkononi, umefunguka kama kitabu. Ndege wa bahari alikuwa amemnyang'anya samaki kutoka mdomoni, na wale watu wote ambao hawakumtazama sasa walikuwa wanamtazama na kucheka. Yule mnene alimwonyesha vidole vyake mwenyewe, kama kusema hata mimi aliniuma.

Nikasema moyoni, Bwana, kwa nini leo? Sasa atakimbilia chumbani kwake.

Mwanamke muuzaji juu ya mtumbwi, na aproni yake, alikuwa anacheka mpaka anashika kiuno. Akachukua mkate mwingine, akautia samaki, akaunyoosha kwa Laure juu ya maji. Akasema neno moja fupi la kuuliza. Sikulijua lile neno, lakini hakuna mama asiyelijua.

Nikaona kidevu cha mwanangu kinainuka. Nakijua hicho kidevu. Ni changu. Kinainuka hivyo kabla ya kusema asante, nimekula. Nilitaka kupiga kelele. Nikauma shela yangu, nikanyamaza, maana yule mwanamke asingeuliza tena, na mimi nisingekuwapo kila mara.

"Ja," akasema Laure, ndiyo ya kule. Sauti ndogo. Halafu akalirudia kwa nguvu zaidi, juu ya upepo.

Aliuchukua kwa mikono miwili, kama tunavyopokea kwetu. Kwa hiyo simu aliilaza juu ya meza ya kando, na mimi sikumwona tena. Niliona mawingu, na ndege wanazunguka juu yake, wanangoja.

"Laure!" nikaita. "Laure, umekula?"

Hakujibu. Nilisikia anatafuna.